Sekunde 28 za Miami: Popovich, Duncan na timu ambayo haikumtupa mtu

Kwa nini kisa hiki

Kocha mmoja wa timu ya vijana ya mpira wa kikapu alinipigia simu usiku, sauti ikiwa imemkauka. Jina lake, timu yake na mji wake nitavihifadhi, kwa sababu aliniambia mambo yake kwa kuniamini. Timu yake ilikuwa imefungwa kwa pointi moja, na kijana wake wa miaka 17 alikuwa amekosa mitupo huru miwili katika sekunde za mwisho. Ndani ya daladala ya kurudi nyumbani, mbele ya wenzake wote, kocha alimwambia: "Wewe ndiye uliyetufungisha leo." Kijana hakujibu kitu. Wiki mbili zikapita hajakanyaga mazoezini.

"Kaka, nimfuate au nimwache?" aliniuliza.

Nilimjibu kwa kumsimulia habari za Gregg Popovich, kocha wa San Antonio Spurs, timu ya ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, hasa mwaka mmoja wa maisha yake, kuanzia Juni 2013 hadi Juni 2014. Hapa nimekiandika kisa hicho kwa kirefu, kwa ajili yake na kwa kila mtu anayekaa kwenye benchi na karatasi ya wachezaji mkononi. Popovich na wachezaji wake ni watu wa hadharani, kwa hiyo wao nawataja kwa majina.

Kocha na timu kabla ya Juni 2013

Popovich alizaliwa mwaka 1949 huko East Chicago, Indiana, baba akiwa na asili ya Serbia na mama ya Kroatia. Alisoma chuo cha Jeshi la Anga la Marekani, na somo lake lilikuwa mambo ya Urusi ya Kisovyeti. Kazi yake ya kwanza ya ukocha mkuu, mwaka 1979, ilikuwa Pomona-Pitzer, timu ya vyuo viwili vidogo vya California visivyotoa ufadhili kwa wanamichezo. Msimu wake wa kwanza alishinda michezo 2 na kupoteza 22. Aliishi bwenini na mke wake na watoto, pamoja na wanafunzi. Naona kipindi hicho kinaeleza mengi kumhusu kuliko makombe yake, kwa kuwa alijifunza kufundisha watu ambao hakuna pesa wala umaarufu unaowaleta uwanjani. Walikuja kwa sababu waliupenda mchezo, na walibaki kwa sababu aliwajali.

Alifika San Antonio mwaka 1988 kama msaidizi wa Larry Brown, akaondoka, kisha akarudi mwaka 1994 kama meneja mkuu. Desemba 1996, timu ikiwa imeshinda michezo 3 na kupoteza 15, alimfukuza kocha Bob Hill akachukua kiti yeye mwenyewe. Mashabiki walimzomea. Timu ilimaliza msimu na ushindi 20 na vipigo 62. Mwaka uliofuata bahati ya kuchagua mchezaji mpya wa kwanza iliiangukia San Antonio, akaja Tim Duncan kutoka Visiwa vya Virgin vya Marekani. Makombe yakafuata: 1999, 2003, 2005 na 2007.

Falsafa yake inaweza kusemwa kwa maneno machache, ila kuiishi ni kazi. Alitafuta watu ambao nafsi zao hazijai chumba kizima. Alimkaripia Duncan, mchezaji wake bora, mbele ya kila mtu, na Duncan alikubali. Nyota akishakubali kukaripiwa, kijana wa benchi hana pa kuanzia kulalamika. Katika chumba cha kubadilishia nguo yalitundikwa maneno kuhusu mponda mawe anayegonga jiwe mara mia bila kuona hata ufa, kisha pigo la mia na moja likalipasua, naye anajua si pigo lile peke yake lililofanya kazi. Maneno hayo yalitafsiriwa kwa lugha za wachezaji, maana timu ilikuwa na watu wa kila pembe ya dunia.

Kufikia 2013 watu walishaanza kuiandikia Spurs tanzia. Duncan alikuwa na miaka 37, Manu Ginobili 35, Tony Parker 31. Mwaka 2011 walitolewa mzunguko wa kwanza na Memphis iliyoingia mtoano katika nafasi ya nane. Mwaka 2012 waliongoza 2–0 dhidi ya Oklahoma City kisha wakafungwa michezo minne mfululizo. Popovich akazidi kuwapumzisha wazee wake. Novemba 2012 aliwarudisha nyumbani Duncan, Parker, Ginobili na Danny Green kabla ya mchezo uliokuwa unaonyeshwa nchi nzima, na ligi ikaitoza Spurs faini ya dola 250,000. Mchezo huo ulikuwa wa ugenini, Miami.

Usiku wa Juni 18

Fainali ya 2013 ilikuwa kati ya Spurs na Miami Heat ya LeBron James. Spurs waliongoza michezo 3–2, bingwa akiwa wa kwanza kushinda minne, wakienda kwenye mchezo wa sita mjini Miami. Huko ilikuwa saa tatu usiku. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa kumi alfajiri ya tarehe 19, ule wakati wa kutazama televisheni kwa sauti ya chini ili usiamshe nyumba.

Duncan alicheza kama kijana. Alifunga pointi 25 katika nusu ya kwanza, na hadi robo ya tatu inaisha alikuwa na 30. Spurs waliingia robo ya mwisho wakiongoza kwa 10. Miami wakarudi, Spurs wakawapita tena, na zikiwa zimebaki sekunde 28.2 ubao ulisoma 94–89 kwa Spurs. Ginobili alikuwa ametoka kupata mtupo huru mmoja kati ya miwili. Pembeni ya uwanja wahudumu walishaanza kutandaza kamba za njano za kuzuia watu wakati wa kukabidhi kombe. Wachezaji wa Miami waliziona.

Hapo Popovich alimtoa Duncan, akamwingiza Boris Diaw.

James alirusha wa pointi tatu, akakosa. Mpira ukaruka, Miami wakaunasa, ukamrudia James, akafunga: 94–92, sekunde 20.1. Kawhi Leonard wa Spurs, mwenye miaka 21, akafanyiwa faulo. Mtupo wa kwanza akakosa, wa pili akapata: 95–92, sekunde 19.4. Miami wakashambulia tena, Duncan akiwa tena benchi. James akarusha wa pointi tatu, akakosa tena. Ribaundi, yaani mpira unaorudi baada ya kukosa, akaichukua Chris Bosh wa Miami. Mwenzake Ray Allen alikuwa anarudi kinyumenyume kuelekea kona, miguu ikitafuta mstari bila macho kuutazama. Bosh akampa, Allen akarusha. 95–95, sekunde 5.2.

Spurs walifungwa 103–100 katika dakika tano za nyongeza. Siku mbili baadaye, mchezo wa saba, Duncan alikosa mpira wa karibu kabisa na kikapu ambao ungesawazisha mchezo chini ya dakika moja kabla ya mwisho. Alirudi kukaba, akainama, akaipiga sakafu kwa viganja vyote viwili. Miami wakashinda 95–88.

Maamuzi ya usiku ule

La kwanza ni kumtoa Duncan. Popovich alieleza baadaye kwamba Miami walikuwa na Bosh katikati, mtu mwepesi anayerusha kutoka mbali, na Spurs walitaka kubadilishana wa kumkaba kila mpinzani aliposimama kumzibia mkabaji njia. Duncan wa miaka 37 angejikuta anamkimbiza Allen au James kwenye mstari wa pointi tatu. Diaw, ingawa mnene, ni mwepesi wa miguu. Gharama yake ilijulikana: unapunguza urefu chini ya kikapu.

La pili ni kutofanya faulo wakiwa mbele kwa tatu. Makocha wengi humfanyia mpinzani faulo ili apate mitupo huru miwili tu. Spurs waliamua kukaba kawaida.

La tatu halikuonekana kwenye televisheni, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Timu ilikuwa imeweka nafasi kwenye mkahawa wa Kiitaliano mjini Miami kwa ajili ya kusherehekea. Baada ya kipigo kile, watu walitegemea kila mmoja ajifungie chumbani kwake hotelini. Popovich akaagiza wote waende mkahawani. Yeye akatangulia, akasimamia upangaji wa meza, wachezaji wakae pamoja, familia na makocha wawazunguke. Kisha akasimama mlangoni akimpokea kila mchezaji anayeingia, mmoja mmoja, akapita meza hadi meza akizungumza nao.

Sisi tuliokulia mahali ambapo msiba haukaliwi peke yake tunaelewa mara moja alichokifanya. Chakula cha matanga si cha njaa. Ni cha kuhakikisha hakuna anayebaki gizani na mawazo yake. Ginobili alikuwa amepoteza mpira mara nane usiku ule. Leonard alikuwa amekosa mtupo ambao ungeuua mchezo. Diaw alikuwa amesimama mahali pa Duncan. Wote walikula kwenye meza zilezile.

Miezi kumi na miwili iliyofuata

Timu zikipoteza namna hiyo kwa kawaida husafisha nyumba. Spurs walibaki karibu vilevile. Gary Neal aliondoka, Marco Belinelli wa Italia akaja. Pengo kubwa lilikuwa kwenye benchi la makocha, kwani Mike Budenholzer alikwenda kuiongoza Atlanta na Brett Brown akaenda Philadelphia.

Kambi ya maandalizi ilipofunguliwa, Popovich aliwaketisha na kuwaonyesha picha za vipigo vile vya Miami. Fikiria umekaa kwenye kiti, taa zimezimwa, na unajiona ukikosa tena. Shabaha yake ilikuwa kitu hicho kitazamwe na wote kwa pamoja, mchana, kikubalike kwamba kilitokea, kisha kazi ianze. Hakukuwa na mwaka wa kukizungukazunguka.

Msimu wa 2013–14 walishinda 62 na kupoteza 20, rekodi bora ya ligi, wakiwemo ushindi 19 mfululizo. Hakuna mchezaji wao hata mmoja aliyefikisha wastani wa dakika 30 kwa mchezo, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ligi ile. Parker ndiye aliyeongoza kwa pointi, na wastani wake ulikuwa 16.7 tu. Mpira ulizunguka: mwenye nafasi nzuri alimpa mwenye nafasi nzuri zaidi.

Njia haikuwa laini. Dallas waliwapeleka mchezo wa saba katika mzunguko wa kwanza. Portland waliondoka kwa 4–1. Fainali ya Magharibi ilikuwa tena na Oklahoma City, timu aliyokuwamo Hasheem Thabeet wetu wa Dar es Salaam, ingawa uwanjani alionekana kwa nadra. Spurs walimaliza kwa 4–2 ugenini katika muda wa nyongeza, Parker akiwa ameumia kifundo cha mguu. Duncan, mtu wa maneno machache, akasema hadharani kwamba safari hii watalichukua.

Juni 3, 2014, siku mbili kabla ya fainali, Popovich alianza kikao cha timu kwa jambo lisilo la kikapu. Aliwaonyesha wachezaji habari za Eddie Mabo, mwenyeji wa visiwa vya Torres Strait ambaye kesi yake iliifanya Mahakama Kuu ya Australia, tarehe kama hiyo mwaka 1992, itambue haki ya wenyeji juu ya ardhi yao. Patty Mills, mchezaji wa akiba, ni wa ukoo wa Mabo. Hebu pima uzito wa jambo hilo kwa Mills: wiki kubwa kuliko zote katika kazi yake, na kocha anasimamisha kila kitu ili wenzake wamjue ametoka wapi.

Fainali ilikuwa na Miami haohao. Baada ya michezo miwili ilikuwa 1–1. Leonard alikuwa amefunga pointi 9 tu katika kila mchezo, akiwaachia wakubwa wake njia. Popovich akamwambia aache kuwasubiri Duncan, Parker na Ginobili, acheze mchezo wake. Kisha akabadilisha kitu kimoja kwenye kikosi cha kuanza: akamtoa Tiago Splitter, akamwanzisha Diaw. Diaw yuleyule wa sekunde 28.

Mchezo wa tatu, Miami, Spurs walifunga pointi 71 katika nusu ya kwanza wakipatia asilimia 75.8 ya mipira waliyorusha, rekodi ya fainali. Leonard alifunga 29. Mchezo wa nne Diaw alitoa pasi 9 za kufungisha, akachukua ribaundi 9. Juni 15, San Antonio, ikaisha 104–87, na fainali 4–1, tofauti ya wastani wa pointi 14 kwa mchezo, kubwa kuliko fainali zote zilizotangulia. Leonard, akiwa na miaka 22, akachaguliwa mchezaji bora wa fainali.

Je, kumtoa Duncan lilikuwa kosa?

Watu wengi hujibu "ndiyo" haraka, kwa sababu wanaijua picha ya Allen kwenye kona. Tutazame polepole. Katika mashambulizi yote mawili, mrusho wa kwanza wa James ulikosa. Maana yake ukabaji ulitimiza kilekile ulichopangiwa. Kilichowaua ni mpira wa pili, yaani ribaundi. Kwa hiyo shambulizi la kwanza simlaumu. Alikuwa mbele kwa tano, aliogopa pointi tatu za haraka, akachagua wepesi, na msimu mzima aliitumia njia hiyo.

Shambulizi la pili ndilo ninalomlaumu. Muda mfupi tu kabla ya hapo alikuwa ameshaona gharama ya kukosa mrefu chini ya kikapu. Sasa yuko mbele kwa tatu, na ribaundi moja inaumaliza mchezo. Duncan alikuwa na ribaundi 17 usiku ule. Alipaswa kurudi. Popovich alishikilia utaratibu uliomlea wakati hali ilikuwa imeshambadilikia, na huo ni udhaifu wa watu wenye mfumo mzuri: mfumo ukikufaa siku mia, siku ya mia na moja unausikiliza kuliko macho yako.

Lakini angalia hakufanya nini. Hakumtaja Diaw. Hakumtaja Leonard wala mtupo wake. Mbele ya waandishi alieleza sababu zake kwa sentensi chache, akakubali kwamba ribaundi haikupatikana, akanyamaza. Lawama ilibaki mahali pake, juu ya meza ya kocha.

Kilichoibeba timu, na pale kilipogoma

Mtu anaweza kusema Spurs walishinda 2014 kwa sababu ya pasi nzuri. Ni kweli, ila pasi zina chanzo. Mchezaji aliyewahi kusutwa mbele ya wenzake hurusha mpira akiwa na hofu, au huutupa haraka kwa mwingine ili kosa lisiwe lake. Diaw alipofika San Antonio mwaka 2012 alikuwa ametoka kuachwa na Charlotte, timu iliyomaliza msimu ule na ushindi 7 na vipigo 59. Mtu huyo, angebebeshwa usiku wa Miami, asingekuwa na moyo wa kuanza kwenye fainali na kutoa pasi zile. Leonard vilevile. Ginobili pia, kwa umri wake, angeweza kuondoka amevunjika.

Dakika chache nazo zilisaidia kwa njia mbili. Wazee walifika Juni miguu ikiwa mibichi, na akina Mills, Belinelli na Diaw walikuwa wamecheza vya kutosha mwaka mzima kiasi kwamba fainali haikuwashtua. Faini ile ya dola 250,000, kwa hesabu hiyo, ilikuwa karo ya shule.

Ila nisimpambe kocha huyu kupita kiasi. Falsafa yake ilihitaji Duncan, nyota aliyekubali mshahara wake ukatwe zaidi ya nusu mwaka 2012 ili timu ipate wenzake wazuri. Duncan aliondoka mwaka 2016, na miaka miwili baadaye Leonard yuleyule, mtoto wa nyumbani, baada ya msimu wa jeraha ambao alicheza michezo 9 tu, alitaka kuondoka na akapelekwa Toronto. Meza ya chakula haikutosha kumbakiza. Mfululizo wa misimu 22 ya kufika mtoano ulikatika baada ya 2019, na haukurudi hadi Popovich alipopata kiharusi Novemba 2024 na kuacha ukocha Mei 2025, akiwa na ushindi 1,422 wa msimu wa kawaida, mwingi kuliko kocha yeyote wa NBA.

Tukirudi kwa kocha aliyenipigia simu

Nilipomaliza kusimulia, kocha yule alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza alikuwa na haki gani ya kumlaumu mtoto kwa mitupo miwili wakati yeye alikuwa ametumia mapumziko yake yote ya kuita wachezaji kabla ya dakika ya mwisho. Swali hilo hakulipata kwangu. Alikuwa nalo tangu kwenye daladala.

Alikwenda nyumbani kwa kijana Jumapili, akaketi na mama yake, akanywa chai, akaomba radhi mbele ya mama. Jumatatu akaomba radhi tena mbele ya timu, kwa sababu lawama ilitolewa hapo. Kijana alirudi siku chache baadaye.

Hajawa mtu wa kutegemewa kwenye mitupo huru. Juzi, mchezo ukiwa wa kubanana, alikwenda kwenye mstari akapata mmoja kati ya miwili, na kocha akamwacha uwanjani.